Waume Walitoka, Wake Wakabaki

Saada alipostaafu ukatibu muhtasi, wenzake walifuga kuku. Yeye akajifunza Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta aliyoachiwa na mwanawe. Saleh, mumewe, alimtania kutwa kucha, lakini Abdulswamadu, mtoto wa marehemu dada yake Saada, alipokaribia kuoa kule Namasakata, ni Saada huyo huyo aliyekabidhiwa orodha ya wasafiri wa kutoka Songea.

Kosta, basi dogo walilokodi, ilikuwa na viti ishirini na sita. Walijiandikisha watu thelathini na watatu, kisha kumi na wawili wakatuma ujumbe kwamba wameghairi. Saada akaandika programu ipite kwenye orodha, jina baada ya jina, ikimfuta kila aliyeghairi. Yakabaki majina ishirini na sita, gari limetimia. Alifurahi akajipikia chai ya maziwa.

Jumatano Mama mdogo Shakila akapiga simu. Huyu ndiye aliyemlea bwana harusi tangu akiwa mchanga. Alikuwa mgonjwa, sasa amepata nafuu, naye anaomba kiti.

"Gari limejaa, mama."

"Haya, mwanangu. Mtanisalimia bibi harusi."

Roho ilimuuma Saada siku nzima. Saleh akamwambia ahesabu tena kwa vidole, naye akajibu kwamba kompyuta haina mchezo. Ubishi huo alizaliwa nao.

Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, akaanza kuwapigia wasafiri awakumbushe saa ya kuondoka. Akamfikia Brigita, jirani yao.

"Sasa mama, mume wangu Anselmo hukumpigia, mimi unanipigia?" Brigita akauliza. "Si tulikuambia wote hatuji, tuna kipaimara cha mtoto kanisani?"

Saada akarudi kwenye orodha. Lo! Waume watano wametoka, wake zao watano wamekaa kimya mle mle. Watu wa ndoa walijiandikisha wakifuatana, mume kisha mke. Programu ilipomfuta mume, waliobaki wote walisogea, kama foleni ya bombani mtu mmoja akiondoka. Mke akaingia nafasi ya mumewe, na programu ilikuwa imeshapiga hatua mbele bila kumtazama.

Alicheka hadi Saleh akaja kuchungulia.

"Nini tena?"

"Nacheka ujinga wangu, baba."

Akairudisha orodha ya mwanzo, akaiacha kama ilivyo. Akaanzisha nyingine tupu, akaiambia programu ihamishie huko wanaokwenda tu. Wakawa ishirini na mmoja. Hakutaka kupiga simu. Alipanda bodaboda mpaka Lizaboni, kwa Mama mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Kiti kipo. Viti vitano vipo. Kosa lilikuwa langu, unisamehe."

Mama mdogo hakuonyesha kushangaa. Alimwelekeza kwa kidole nyuma ya mlango. Begi lilikuwa limefungwa tayari, na juu yake kigoda kidogo cha jikoni kimefungiwa kamba ya katani.

"Nilikuwa nije alfajiri na kigoda changu, nikae pale katikati ya viti," alisema. "Mwanangu anaoa, nani angenishusha?"

Saada akacheka, machozi yakimtoka, akapiga magoti kuifungua ile kamba.