Vipande vya Miti Tulivyosimamisha Mavivi

Mwalimu wangu wa misitu alizeeka akiuliza jambo moja: mti wa kwetu, ukisimamishwa ardhini kama nguzo, utaoza lini? Watafiti wa enzi ya Wabelgiji, alivyotueleza, walihangaikia zaidi libuyu na iroko, mbao za kupelekwa ng'ambo. Miti ambayo watu wetu hujengea nyumba waliigusa juujuu tu. Baadaye kalatusi, mti wa kigeni unaokua upesi, ikajaa vilima vya Butembo, na swali hilo likakosa wa kuliuliza.

Donc, basi, tulianza sisi wawili. Tulichonga vipande vya miti ya asili, tukavisimamisha shambani kwa rafiki yake karibu na Mavivi, upande wa Beni, nusu ndani ya udongo, tuone mchwa watapenda upi. Kila msimu nilitoka Butembo kwa pikipiki kuvichomoa, kuvipima na kuvirudisha. Halafu watu wakaanza kuuawa upande ule, mashamba yakaachwa. Mwalimu akastaafu, magoti yakamshinda. Mimi nikafundisha, nikangoja.

Barabara ilipopitika tena nilikwenda. Shamba lilikuwa limejaa vibanda vya wakimbizi. Sikuona kipande hata kimoja. Mama mmoja aliyekuwa akimenya muhogo aliniona nikizunguka, macho chini.

"Unatafuta nini, papa?"

"Kulikuwa bipande bya miti hapa, mama. Bilisimama mu mustari."

Akaweka kisu chini. "Tulipikia nabyo. Kuni hakuna, na mu pori tunaogopa kuingia. Tulizani ni bya bure. Unisamehe."

"Hakuna shida, mama."

Sikusema hivyo kwa wema. Nilikuwa nimechoka tu, hata hasira haikuja. Nikaketi kwenye jiwe, akanipa muhogo wa kuchemsha, nikala.

Niliporudi Butembo nilipitia kwa mwalimu, nikamweleza yote nikiwa mlangoni. Alisugua magoti.

"Chakula chao kiliiva?"

"Kiliiva, Prof."

"Basi, keti."

Tulikunywa chai, tukazungumzia mvua.

Alifariki kabla sijachonga vipande vingine. Nilivyochonga baadaye vimesimama sasa nyuma ya bureau yetu, ofisi ya walimu hapa mjini, penye baridi na mchwa wachache, kwa hiyo havitajibu tulichouliza kule Beni. Hata hivyo kila msimu navichomoa, nafuta udongo, napima. Wanafunzi hupita wakielekea darasani. Baadhi yao husimama kidogo, wakanisalimia, wakaendelea.