Watoro wa Jumatatu

Orodha ilitoka kwenye printa saa nne asubuhi, Jumatano tarehe ishirini na nne Agosti 1988, ikiwa na majina ishirini na matano. Kavetsa aliisoma akiwa bado amesimama. Jina la kwanza lilikuwa la Mzee Murunga, fundi wa majiko wa Makina. Murunga hakuwahi kukosa. Kila Jumatatu alifika kabla mlango haujafunguliwa, akaulalamikia mlango, akachukua vidonge vyake vya wiki, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa orodha ya watoro. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyekosa kliniki mara tatu mfululizo aliitwa mtoro. Faili yake ilifungwa, na nafasi yake ikapewa mmoja wa watu arobaini waliokuwa wakingoja na barua mikononi, kwa sababu dawa hazikutosha wote. Saa tisa alasiri Daktari Ogola angeweka sahihi. Baada ya sahihi hapakuwa na rufaa.

Kavetsa ni jirani yangu. Tumepanga ploti moja Kawangware, mlango wake na wangu imetenganishwa na karo la kufulia, na habari hii nimeitoa kinywani mwake. Alitoka Maragoli akiwa na cheti cha darasa la saba na mwandiko mzuri. Kwa miaka kumi na mmoja alitembea kila asubuhi hadi kliniki ile ndogo ya Kibera, akaandika kadi za wagonjwa kwa mkono, na hakuna kadi iliyopotea. Kisha wafadhili wakaleta kompyuta. Kadi zikafungiwa kwenye masanduku, nazo masanduku yakachukuliwa kwenda mjini. Hakuna aliyemuuliza Kavetsa kama kadi zilikuwa na kasoro. Nchi hii tumezoea kuamini kitu kwa sababu kimeletwa na ndege.

Programu ya mashine iliandikwa na Gerishon, mtoto wa mwenye ploti yetu, kijana aliyesomea kompyuta. Mwanzoni kliniki ya kifua kikuu ilikuwa na siku moja tu, Alhamisi. Mwishoni mwa Julai wagonjwa ishirini na watatu walihamishiwa kliniki mpya ya Jumatatu, na Gerishon akaleta disketi mpya.

Disketi hiyo ilianza kusumbua mapema. Tarehe kumi na tano Agosti Kavetsa aliandika 15/08/88, mashine ikalia na kumwambia tarehe si sahihi. Akaandika tena. Ikalia tena. Alimpigia Gerishon simu mjini.

"Sasa, Mama Kageha! Hiyo ni kitu kidogo," Gerishon alisema. Kageha ni binti wa Kavetsa. "Disketi mpya inasoma tarehe kama Wamarekani. Wao huanza na mwezi. Inatafuta mwezi wa kumi na tano."

"Na tarehe moja ilikubali kwa nini?"

"Ilidhani ni mwezi wa kwanza, tarehe nane. Ilimeza tu ikanyamaza."

Kavetsa alishtuka zaidi kwa huko kunyamaza kuliko kwa ile kelele. Gerishon akamwambia aandike amri ya kuifanya mashine ifuate tarehe za Kiingereza.

"Za Kiingereza? Na uhuru tulipata lini?"

"Mama, nikipata ya Kimaragoli nitakuletea. Kwa sasa andika hiyo."

Akaiandika, na mashine ikatulia. Kisha akarudia kuingiza siku zote zilizogeuzwa: tarehe moja, tarehe nne, tarehe kumi na moja. Tarehe nane mwezi wa nane ilikuwa imepona yenyewe, kwa kuwa ukiigeuza inabaki vilevile. Daktari alimsifu mbele ya wauguzi. Na sifa hiyo ndiyo iliyomfunga sasa, siku ya orodha.

"Daktari, hii orodha ina makosa," alimwambia. "Mzee Murunga nilimwona Jumatatu kwa macho yangu."

Daktari Ogola hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka. "Kavetsa, si wewe uliniambia mashine imepona?"

"Niliponya tarehe, Daktari."

"Basi. Kompyuta haimjui Murunga. Haina sababu ya kumsingizia. Wewe unamjua, na unamhurumia."

"Kadi anayotembea nayo ina muhuri wa kila wiki."

"Mihuri inachongwa hapo barabarani, unangoja ukinywa chai. Niletee kosa lenyewe kabla ya saa tisa. Usiniletee huruma."

Kavetsa alirudi mezani, akampigia Gerishon. Aliambiwa ametoka na hatarudi leo. Saa sita ikapita. Aliita rekodi za Murunga, na tarehe zote zilikuwepo, moja, nane, kumi na tano, ishirini na mbili, zimepangika vizuri. Lakini chini yake mashine ilisema mgonjwa huyu amehudhuria mara sifuri. Kavetsa aliwaza kwamba labda amerukwa na akili.

Sista Mumbua, muuguzi, alimletea chai, akaichungulia orodha begani mwake. "Ngoja. Huyu ni wa Jumatatu. Huyu pia. Hawa karibu wote ni watu wa Jumatatu."

Wakahesabu kwa kalamu. Ishirini na watatu walikuwa wa Jumatatu, kliniki nzima, hakuna aliyesazwa. Wawili tu walikuwa wa Alhamisi.

"Daktari atasema Jumatatu wanaamka na pombe ya Jumapili," Mumbua alisema.

"Wote? Hata Mama Apiyo wa kwaya?"

Mumbua alicheka, lakini Kavetsa hakuweza. Ilikuwa saa nane na dakika kumi. Alikumbuka kwamba mashine ilihesabu ziara ya mgonjwa endapo tu ilifanyika siku yake ya kliniki. Akafungua sehemu ya programu inayotaja siku. Mstari wa Alhamisi, alioandika Gerishon zamani, ulikuwa na namba 5. Mstari wa Jumatatu ulikuwa na namba 3.

"Jumatatu ni tatu," alisema Mumbua. "Hapo hakuna kosa, hata Kageha anajua."

Gerishon alikuwa amemfundisha Kavetsa amri fupi ya kuiuliza mashine leo ni siku ya ngapi. Aliiandika. Leo ni Jumatano, kwa hiyo alingoja tano. Mashine ikajibu 4.

Akaiuliza tarehe, ikajibu 24/08/88. Sawa. Akaiuliza jina la siku, ikamwandikia Jumatano kwa Kiingereza. Ilijua kila kitu, na bado ilisema nne.

Kavetsa akaanza kuhesabu kwa vidole kurudi nyuma, kutoka kwenye nne. Jumanne, tatu. Jumatatu, mbili. Jumapili, moja. Akasimama hapo, kidole gumba hewani. Mashine ilianza wiki Jumapili. Sisi tunaanza Jumamosi, na tumetia hesabu yetu ndani ya majina yenyewe: mosi, pili, tatu. Kwa hiyo namba 3 iliiambia mashine Jumanne, nayo ikawatafuta wagonjwa wa Jumatatu siku ambayo kliniki imefungwa.

"Gerishon huyo!" Mumbua alisema. "Mtoto wa tajiri, kazi ni kuringa tu."

Kavetsa aliweka kidole kwenye ile 3. Gerishon alikuwa ameuacha mstari ule wazi, na kumwambia, "Mama, jaza namba ya siku hapo." Aliyejaza tatu alikuwa yeye.

Alifuta 3, akaandika 2. Printa ikapiga kelele kwa muda mfupi sana. Majina mawili.

Angeweza kunyamaza. Aliniambia wazi kwamba alilifikiria hilo njia nzima kutoka mezani hadi mlango wa daktari, hatua kumi na nne, kwa sababu chumba kile anacholipia ni kimoja na mshahara ni mmoja.

Daktari Ogola aliweka orodha mbili kando kando. Orodha ya ishirini na watano ilikuwa karibu na kalamu yake. "Asubuhi ishirini na watano. Sasa wawili. Saa kumi utaniletea sifuri? Niamini ipi?"

"Amini hii. Ile ya asubuhi iliharibiwa na namba moja, tatu mahali pa mbili." Akajigusa kifua. "Niliiandika mimi, Daktari. Si Gerishon, si mashine."

Akaeleza yote, vidole vikihesabu tena mbele ya daktari. Daktari alimfuata kwa vidole vyake mwenyewe, chini ya meza, na Kavetsa aliona midomo yake ikitaja Jumapili, Jumatatu. Kisha akaichana orodha ya kwanza mara mbili.

"Nitakuandikia barua ya onyo," alisema. "Sina budi."

"Ndiyo, Daktari."

Akavuta orodha ya pili na kufungua kalamu. Hapo ndipo Kavetsa alipoweka kiganja juu ya karatasi ya mkubwa wake.

"Na hawa nao?" Daktari aliuliza.

"Hawa sijui. Mashine inasema hawakuja, na mimi sikumbuki kuwaona. Lakini leo asubuhi ilisema hivyohivyo. Nipe mpaka kesho nikawatafute."

Daktari akafunika kalamu.

Saa kumi Kavetsa alikuwa anatembea katikati ya nyumba za udongo chini ya maghorofa ya Nyayo Highrise, majina mawili kwenye kipande cha karatasi. Mara nne aliambiwa hajulikani. Mlango wa tano ulifunguliwa nusu na mwanamke aliyeshika mwiko.

"Natafuta Simeon Sifuna."

"Nani anamtaka? Ni wa kodi?"

Nyuma ya pazia mtu alikohoa, akajaribu kukizuia kikohozi, akashindwa.

"Mimi ni wa kliniki," Kavetsa alisema. "Mwambie nafasi yake bado ipo. Mwambie aamke, twende naye."