Maneno ya Mama Njeru Kwenye Sinema

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Habari alinikabidhi kipaza sauti. "Projekta ina fundi wake," akasema. "Wewe kazi yako ni mdomo. Watu wacheke, bwana!" Nilikuwa mfasiri wa sinema: nilisimama kando ya kitambaa cheupe, nikiwasemea waigizaji kwa Kiembu. Nyinyi mnaotembea na sinema mfukoni, hiyo nayo ilikuwa kazi ya mshahara.

Tulizunguka Kianjokoma, Runyenjes, hata Mitunguu. Picha iliyopendwa mno ilikuwa ya Wazungu wawili, mume na mke, waliogombana tangu chai ya asubuhi, wakarushiana sahani, mwishowe wakakumbatiana. Ila maneno yao, ukiyafasiri, hayakuwa na chumvi. Ndipo nikampa yule mama wa Kizungu maneno ya mke wangu, Mama Njeru, vile alivyonigombeza nyumbani: kwamba nikishika jembe, jembe ndilo hunihurumia. Ukumbi ukaangua kicheko. Afisa akanisifu, nami kichwa kikavimba. Nikawa namchokoza mke wangu makusudi ili nipate maneno mapya.

Jumapili moja alasiri tuliziba madirisha ya ukumbi wa Runyenjes kwa magunia, tukaanza. Sikujua kwamba Mama Njeru ameketi nyuma na akina mama wa kanisa. Nilisema yote, hata lile alilowahi kuniambia akilia, baada ya kumzika mtoto wetu wa pili: "Hata kuzika ulikuja umechelewa!" Watu wakacheka hilo pia.

Nilipofika nyumbani aliniandalia chakula. "Nilikuwa huko, Baba Njeru," akasema, basi. Nilimwomba msamaha mara nyingi. "Ni sawa tu," alinijibu kila mara. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilipandishwa cheo, nikahamishiwa Meru mjini, nikastaafu, na miaka yote hiyo hakunigombeza tena. Alipougua alificha maumivu mpaka daktari akatuambia tumechelewa.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza hospitalini.

"Nikwambie, halafu maneno yangu uyapeleke wapi?"

Mazishini mchungaji alitusifu kwamba kwetu hakujawahi kusikika kelele. Watu wakaitikia amina. Nami nikaitikia, kwa aibu.

Kazi niliiweza, sikatai. Lakini nyinyi mliooa, mke akikufokea, nyamaza umsikilize. Bado ana tumaini nawe. Jirani yangu na mkewe hugombana kila asubuhi juu ya majani ya ng'ombe. Mimi husimama kwenye ua nikiwasikiliza, na huwaonea wivu mpaka machozi yanitoke.