Maji Ndani ya Esansi ya Mama Zaituni

Sisi tuliokulia Kalemie, mji wa kando ya ziwa, wakati ule ambapo kila gari la mji tulilijua kwa mlio wake, hata kabla halijakata kona, tukikutana tunapenda kujisifu. Tunakumbushana kengele ya shule, kile kipande cha reli kilichotundikwa kwa waya, mwalimu akikigonga kwa nyundo mpaka sauti inavuka mto Lukuga. Tunakumbuka harufu ya ndagala, wale dagaa wetu, walioanikwa mchangani, upepo wa ziwa ukiingia nayo mpaka darasani, tumbo likaanza kuuliza habari za bukari, ugali wetu, kabla hesabu hazijakwisha. Tunakumbuka mchezo wa nzango, wasichana mistari miwili, miguu inarushwa na makofi yanapigwa, mpaka mama zetu wanatuita kwa majina yote, na lile la ubatizo pia, ishara kwamba fimbo iko karibu. Watoto wa leo, tunasema, wanacheza kwa kidole gumba. Ukiwatuma chumvi wanauliza kama haiwezi kuja kwa simu.

Mimi nacheka pamoja na wenzangu. Lakini mazungumzo yakifika kwenye magari na esansi, yaani petroli, natafuta kazi ya kufanya jikoni. Nimefanya hivyo miaka mingi.

Baba yangu, ambaye mji mzima ulimwita Papa Feza kwa jina langu mimi mtoto wake wa kwanza, alikuwa na kamyoneti ya bluu. Ilibeba mihogo, wagonjwa, viti vya kanisa na maharusi. Jumamosi aliiosha mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine kugusa kioo. Na kila Jumamosi hiyo hiyo alinipa bido tupu, dumu la plastiki nyeupe, niende kuchota esansi kwa Mama Zaituni.

Mama Zaituni alikuwa mjane. Marehemu mumewe alikuwa rafiki wa Papa, mmoja Mwislamu na mwingine Mkristo, wakila Krismasi pamoja na Idi pamoja. Mume alipofariki, mdogo wake Mama Zaituni, jina lake Saidi, akaanza kumletea dada yake mapipa ya esansi kwa bateau, meli ya ziwani, kutoka Kigoma. Pipa moja lilisimama uani kwake chini ya paa la bati, na yeye alichota kwa mpira, mdomo wa mpira umefungwa kwa kitambaa, hamwagi hata tone. Binti yake, Zaituni, tulikaa benchi moja darasani.

Wakati ule wanaume walikuwa na ubishi mmoja usiokwisha. Walikaa kwa fundi Ilunga, juu ya matairi mabovu, wakipima esansi kama watu wanaoonja pombe.

"Esansi ya Kigoma iko nyepesi," mmoja anasema. "Gari inakimbia, lakini mlimani inachoka."

"Ya Lubumbashi njo ya kweli," anajibu mwingine. "Ile inasukuma. Iko na nguvu ya mafahali."

Fundi Ilunga alikuwa hainui hata kichwa. "Esansi haina kabila," alisema. "Mota haijui jina ya muuzaji. Mota inajua kintu mbili tu: uchafu na maji."

Papa alikuwa upande wa Kigoma, kwa sababu ya Mama Zaituni. Aliitetea esansi yake kama mtu anayetetea shemeji.

Sasa nifike kwenye ile bido. Njia ya kwenda kwa Mama Zaituni ilipita karibu na ziwa, na Papa alinikataza kabisa kuoga huko. "Ziwa halina mlango," alizoea kusema. "Kuingia ni miguu yako, kutoka ni bahati yako." Lakini wenzangu walikuwa majini, na mimi nilikuwa na kitu ambacho wao hawakuwa nacho: bido kubwa, tupu, inayoelea. Unaikumbatia kifuani, unapiga miguu, unakwenda mbali kama meli. Kifuniko chake kilikuwa kimelegea. Nikitoka, naigeuza kichwa chini, naitikisa mara mbili, nakausha nywele kwa kukimbia, kisha naingia kwa Mama Zaituni na sura ya mtoto wa sakramenti. Yeye alinijazia esansi juu ya maji yaliyobaki ndani. Hakuyaona, na mimi sikuyafikiria.

Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi, na Jumapili kamyoneti ikaanza kukohoa. Inashika, inaachia, inazimika, inawaka tena. Kwa fundi Ilunga ubishi ukapamba moto. "Tulikuambia, Papa Feza, hiyo ya Kigoma!" Papa alikataa. Akabadilisha hiki, akasafisha kile, akapuliza mabomba mpaka mashavu yakauma. Nilimshikia taa. Sikuwa nadanganya bado, kwa sababu sikuwa najua. Hilo peke yake ndilo ninaloweza kusema kwa kujitetea.

Halafu ikaja harusi. Familia ya bibi harusi ilikuwa imesafiri kutoka Moba kwa boti, wamevaa, wamepaka, wameimba tangu asubuhi. Papa alifunga kitambaa cheupe mbele ya kamyoneti na kumkalisha bibi harusi kwenye kiti pembeni yake. Mimi nilikuwa nyuma na waimbaji. Katikati ya daraja la Lukuga gari likakohoa mara tatu na kufa. Papa akajaribu. Akajaribu tena. Nyuma yetu baiskeli zikajaa, watu wa sokoni wakasimama kutazama, vijana wakaanza kupiga miluzi. Wajomba wenye suti wakashuka kusukuma. Mwishowe bibi harusi mwenyewe akashuka, akainua gauni kwa mikono miwili na kwenda kanisani kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Wanawake walimfuata wakiimba kwa nguvu ili asilie. Papa alibaki kwenye usukani akitazama mbele. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo namna ile.

Fundi Ilunga alikuja na chupa tupu ya glasi. Akafungua bomba chini ya tanki, akakinga, akaiinua juani. Juu kulikuwa na esansi, rangi ya chai nyepesi. Chini, peupe, palepale pamekatika kama kwa rula, kulikuwa na maji.

"Si jina ya esansi hii," alisema fundi. "Ni maji. Na ni mengi."

Pale pale nilielewa. Nilihisi ziwa lote kwenye masikio yangu.

Papa aliichukua ile chupa na kwenda nayo moja kwa moja kwa Mama Zaituni, watu wakifuata nyuma. Nilifuata pia, na ile bido, iliyokuwa nyuma ya gari, mkononi mwangu. Alimkuta anachambua mchele.

"Mama Zaituni, unaniuzia maji? Mimi? Mutu nilikula na bwana yako?"

Alisimama, mchele ukamwagika. "Papa Feza, haki ya Mungu, sijawahi kutia maji." Akakimbilia glasi, akachota kwenye pipa lake, akaionyesha kwa kila mtu. Ilikuwa safi.

"Unachota juu," alisema Papa. "Maji inakaa chini."

Watu wakaguna. Mama Zaituni akanigeukia mimi. Hakunishtaki, aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetafuta ufunguo: "Feza, mwanangu, njiani ulipita fasi ingine?"

Papa naye akanitazama. "Ulipita fasi ingine?"

Nilifikiria mkanda wake. "Hapana, Papa," nikasema. "Nilitoka nyumbani nikaja hapa, nilitoka hapa nikaenda nyumbani."

Maneno hayo yalitosha. Hazikupita wiki mbili, na hakuna mwenye gari aliyekanyaga tena pale uani. Pipa likaondoka. Zaituni akaacha shule, akawa anatembeza vitumbua vya mama yake asubuhi, na akipita mbele ya darasa letu aliniita dirishani na kunipa kimoja, cha moto, bila kudai kitu. Nilikila. Naandika hili ili mjue: nilikila, na kilikuwa kitamu.

Nikakua, nikaolewa, nikarudi Kalemie na watoto. Nilimpita Mama Zaituni sokoni mara ngapi? Nilimwamkia kwa heshima zote. Kila mara nilisema moyoni, leo si siku ya kusema.

Mwezi uliopita mwanangu Amani, ambaye anaendesha pikipiki ya kubeba watu, aliingia akilalamika. "Mama, esansi ya stesheni ile mpya inaua mota. Vijana wote banasema. Ya ile ingine njo muzuri, iko na nguvu." Papa, ambaye sasa ni mzee na anaishi kwetu, alicheka kutoka kwenye kiti chake. "Afadhali hiyo, mujukuu. Miye kuna mama mumoja aliniuzia maji ya ziwa, akaniaibisha mbele ya mji."

Nilikuwa nashika mwiko wa bukari. Nikauweka chini.

"Papa," nikasema, "ni mimi."

Nilimweleza yote: ziwa, kifuniko, kuitikisa mara mbili. Amani alitaka kucheka, akaona sura ya babu yake, akaacha. Papa hakunigombeza. Alisugua goti.

"Wewe ulidanganya mutu mumoja," alisema mwisho. "Mimi nilipiga kelele mbele ya wote. Niletee kofia yangu."

Tulimkuta Mama Zaituni kwenye mkeka wake, macho yamefifia lakini sauti ile ile. Zaituni alikuwa karibu, anapepeta unga. Papa alikataa kiti. Alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, kwamba alimsingizia. Kisha akanipisha, nami nikasema sehemu yangu, nikiwa nimepiga magoti kama msichana.

Nilitegemea hasira. Nilitegemea hata msamaha. Yeye aliuliza polepole, "Kwa hiyo si Saidi?"

Hatukumwelewa. Zaituni aliacha kupepeta.

"Miye niliamini," alisema Mama Zaituni. "Nilisema, Papa Feza hawezi kunisingizia, na mutoto hawezi kudanganya. Kama maji ilikuwa ndani, na miye sikutia, basi ni Saidi aliyatia huko Kigoma. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Aliapa. Alilia pale kwenye bateau, mwanaume mzima. Alikuwa anatuma sukari, anatuma vitenge, nilirudisha vyote. Alipokufa sikuvuka kwenda kumuzika."

Papa alikaa chini kwenye udongo, yeye aliyekataa kiti. Katika miaka yote niliyojihesabia kosa langu, nilikuwa nimehesabu pipa, shule, vitumbua. Ndugu yake sikumweka kwenye hesabu.

Mama Zaituni alinyoosha mkono akatafuta kichwa changu, akakipata.

"Ulikuwa na miaka ngapi siku ile?"

"Kumi, Mama."

"Na sasa?"

"Arobaini na saba."

Alitikisa kichwa. "Yule wa miaka kumi nimemusamehe. Aende acheze." Akaondoa mkono. "Huyu mama muzima aliyekuwa ananiamkia sokoni, huyo bado. Uniachie kwanza."

Tumerudi kwake mara mbili tangu siku ile. Ananikaribisha, ananipa chai, hasemi neno juu ya jambo hilo, na mimi siulizi.

Vijana wa leo tunawacheka kwamba hawaaminiani. Wakinunua esansi wanaitazama kwenye chupa, wanadai karatasi, wanapiga picha ya pampu, wanaulizana kwenye simu mpaka asubuhi nani aliuziwa nini na nani. Sisi tunasema, enzi zetu hapakuwa na mambo hayo. Mtu alisema, na neno lake likatosha. Wenzangu wakisema hivyo siku hizi, siendi tena jikoni. Nakaa, nawasikiliza, nainamisha kichwa. Ni kweli. Lilitosha.