Yakuti ya Merle Haina Kwao

Saa mbili asubuhi. Merle Zillmann anapindua chekeche la kokoto zilizooshwa juu ya gunia, analiinua polepole, kisha anaweka mikono nyuma ya mgongo.

Ndivyo ilivyo hapa Rubyvale, kijiji cha wachimba yakuti huko Australia. Aliyepindua hagusi. Mawe mazito hukusanyika katikati ya kokoto, na mwenzake ndiye anayetazama kwanza, pasije pakazuka maneno.

Zamani mwenzake alikuwa marehemu mumewe, Les. Leo ni jirani yake, Dulcie Hocking, ambaye ameinama na kibano mkononi.

"Kuna nini?" anauliza Merle.

"Mawili ya kijani. Na moja sijui."

"Sijui ndiyo rangi gani hiyo?"

"Rangi ya kunyamaza ukangoja, bibi wee."

Merle anacheka, lakini hasogei. Ana miaka sabini na tatu, na mtoto wa jicho ameziba macho yote mawili. Rangi ya kwanza kumpotea ilikuwa buluu. Anga analiona kama chai iliyopoa. Na kazi yake, kwa miaka hamsini, ni kukata yakuti za buluu.

"Mpishi akipoteza ulimi bado ana pua," anasema. "Mimi nina nini?"

Daktari wa kulipia kule Rockhampton anataka dola elfu nne kwa kila jicho. Kwenye foleni ya bure ameambiwa asubiri. Pensheni yake inaishia kwenye chakula, umeme na dizeli ya pampu ya kuoshea mchanga.

Lakini ndani ya kopo la tumbaku, juu ya pamba, Merle ana jiwe linaloweza kulipia macho yote mawili. Les alilitoa shimoni mwaka wake wa mwisho. Ni buluu safi isiyo na weusi, aina ambayo mashimo ya hapa hutoa mara moja katika umri wa mtu.

Merle alilikata mwenyewe, macho yakiwa bado mazima, kama baba yake alivyomfundisha: rangi kwanza. Akaondoa kila doa, kila mstari, na ngozi yote ya nje, hadi ikabaki rangi tupu.

"Baba alisema doa ni aibu," anasema. "Kumbe doa ndilo cheti cha kuzaliwa."

Utotoni mwake, wanunuzi wa ng'ambo walikaa na mizani kwenye baraza ya hoteli, wakinunua mawe ghafi kwa makopo. Yakivuka bahari yaliitwa ya Siam, Thailand ya leo, na mazuri kabisa yakawa ya Ceylon, yaani Sri Lanka. Yaliyobaki na jina la hapa ni yale meusi kama wino.

Mwaka mmoja, mjini Brisbane, Merle aliona kwenye dirisha la duka la vito pete yenye jiwe alilolikata yeye. Alilijua kwa pembe ndogo aliyozoea kuiongeza upande wa chini. Kibandiko kilisema Ceylon. Akaingia dukani kuwaambia.

"Msichana muuzaji akanitazama viatu kwanza. Akasema, 'Mama, mawe ya Australia huwa meusi.' Nikamwambia, 'Huwa meusi kwa sababu mazuri mmeyabatiza upya.'"

Siku hizi mambo yamegeuka. Tajiri huuliza jiwe limetoka wapi kabla hajauliza rangi. Baada ya Pasaka alikuja mnunuzi kutoka Sydney, Fraser, akalichukua jiwe la Merle kulipeleka maabara. Akarudi na karatasi: rangi bora, asili haikuthibitika, kwa kuwa halina doa la kuonyesha lilikotoka.

Alikaa jikoni kwa Merle, akala skonzi mbili za boga.

"Nina mtu Hong Kong," akasema. "Atalichukua kama la Ceylon. Dola elfu tisa, leo hii."

"Na wewe utamwambia ni la Ceylon?"

"Sitamwambia kitu. Rangi itamwambia."

"Mimi nimeolewa na mtu aliyelitoa futi arobaini chini. Mgongo wake haukunyooka tena mpaka anazikwa."

"Hakuna anayenunua mgongo, mama."

Dulcie alikuwa akiosha vikombe. "Maliza skonzi yako uende, kijana," akasema bila kugeuka.

Mlangoni Fraser alisema neno moja la maana: kama kipo kipande kilichokatwa kutoka jiwe lile lile, chenye ngozi yake, maabara wangevioanisha na kuandika Rubyvale.

Alipoondoka, Dulcie aligeuka. "Ungechukua hela, mwanamke! Les atajuaje?"

"Mimi nitajua," akasema Merle.

Kipande anakijua. Kilipo anapajua pia. Les alipozikwa, Merle alifanya kama wajane wengine wa hapa: alibonyeza vipande vya mawe kwenye saruji mbichi ya kaburi. Ndoo nzima, kila kilichobaki katika kazi yao wawili. Kile nacho.

"Nilidhani nampa zawadi."

Dulcie alijaribu kumtafutia. "Vyote buluu, shoga. Vyote vinanitazama." Kipande hicho ni Merle tu angekitambua, na Merle haoni. Ila vidole vyake vinajua kitu kimoja: upande uliopitiwa na msumeno ni laini na bapa, vingine vyote vimevunjika ovyo. Kama siku ile alikibonyeza upande huo ukiwa chini, basi tena.

Kila Jumapili baada ya ibada anaazima kanisani mto wa kupigia magoti na kwenda makaburini. Anasali kwanza. Kisha anapapasa saruji, kipande kwa kipande, hadi ncha za vidole zitoke damu. Akikipata, atakiendea na patasi, na jiwe litauzwa kwa jina la kwao. Macho yatafuata.

"Na Les?" anauliza Dulcie. "Utampigia patasi kifuani?"

"Atanivumilia. Amenivumilia miaka arobaini na sita."

Ameshakwenda Jumapili kumi na moja.

"Nilianzia miguuni," anasema, akifuta mikono kwenye aproni. "Sasa nimefika kiunoni."