Nilisema "Moto!", Wao Wakaanza Kuruka

Umewahi kuwaambia watu chumba kinaungua, wakakushangilia?

Mimi yamenikuta. Moshi ule pale, nakauka koo kwa kupiga kelele, na darasa zima linaruka na kucheka.

Kaa vizuri nikueleze, maana hili jambo limenikaa kooni mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa sayansi. Vipindi vyangu vya mchana watoto walikuwa wanasinzia hadi unasikia mikoromo.

Nikaingia mtandaoni, nikapata tovuti ya kutengenezea maswali. Projekta ya shule ilikuwa inakula vumbi kabatini, nikaifufua. Swali linatokea ukutani, saa inahesabu kurudi nyuma, na kwa kuwa watoto hawana simu, wanajibu kwa miguu. Anayeona ni kweli anakimbilia upande wa dirisha. Anayeona si kweli, upande wa mlango.

Wakianza kulegea, napaza sauti: "Chemka!" Wote wima, wanaruka mpaka jasho, halafu tunarudi kazini.

Kuna binti mpole wa kiti cha nyuma, alikuwa hafungui mdomo. Akaanza kubishana na mimi kuhusu mapafu ya chura! Jamani, nilifurahi karibu nilie.

Sasa, darasa la jirani lilikuwa la Mwalimu Tai. Si tai ndege, ni ile ya shingoni, alikuwa haivui hata jua liwake vipi. Ingawa baadaye niliona hata jina la ndege linamfaa.

"Dada, umeajiriwa kufundisha au kuchezesha watoto?" ananiuliza mbele ya walimu wote.

Wanacheka. Nacheka nao, roho inaniuma.

Siku moja akanijia kwa upole. "Dada yangu, hebu nionyeshe hako kamtandao kako."

Nikamwonyesha kila kitu, mpaka nywila ya kuingilia nikampa. Mwenzangu, si nilijiona mtu mwema!

Haukupita muda mrefu, wageni wakaja kukagua ufundishaji. Wakapelekwa kwa nani? Kwa Tai. Nachungulia, naona maswali yangu ukutani, hata neno nililokosea kuandika lipo vilevile. Alichobadilisha ni kimoja tu. "Chemka" aliona ni neno la jikoni, akaweka "Moto!", na picha ya miali inajaa ukuta mzima.

"Huyu ndiye mbunifu wetu," mkuu wa shule akawaambia wageni. Tai akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Akapewa umakamu wa mkuu wa shule.

Nikamfuata mkuu ofisini. "Mzee, ile kazi ni yangu."

"Mwalimu, acha wivu. Shule ni familia moja."

Nikarudi darasani. Ningefanya nini?

Makamu wetu alikuwa na tabia ya kuchomeka kila kitu kwenye waya mmoja wa umeme chini ya dirisha: projekta, kompyuta, spika, na birika lake la chai. Siku hiyo akatoka kwenda kupokea simu, akaliacha darasa peke yake.

Napita mlangoni kwake, naona pazia la dirishani linawaka.

"Moto!" nikapiga kelele.

Darasa zima wima. "Motooo!" wakaitikia, wakaanza kuruka.

"Acheni mchezo! Moto kweli! Kweli!"

Jamani, hilo neno.

Waliposikia "kweli", wakageuka wote wakakimbilia upande wa dirisha. Wanasukumana, kila mmoja anataka awe wa kwanza, na pazia liko pale pale linawaka.

Sijui akili ilitoka wapi. Nikapaza sauti yote niliyojaliwa: "Si kweli! Si kweli!"

Wakarudi mbio upande wa mlango. Nikawavuta nje mmoja mmoja, wengine bado wanacheka. Wote wakatoka, lakini binti mmoja alikuwa ameshaungua mkono. Kilio chake ndicho kilichowaambia wenzake kwamba mchezo umeisha.

Kesho yake, kikao. Mama wa yule binti aliyeungua amekaa mbele, macho yamevimba.

"Nani alianzisha huu mchezo?" mkuu akauliza.

Tai akarekebisha tai. "Mzee, mimi nilifundishwa na dada hapa. Mbinu ni yake, maswali ni yake, hata tovuti imefunguliwa kwa jina lake. Na watoto ni mashahidi, moto unawaka yeye anawaambia si kweli."

Nikafungua mdomo nijitetee. Mkuu akaniwahi.

"Mwalimu, si wewe uliyekuja ofisini kwangu ukasema kazi ni yako?"

Mama wa binti alinitazama, na yale macho sitayasahau.

Projekta ikarudi kabatini. Mimi nikapewa onyo. Tai bado ni makamu.

Ndugu msomaji, ukibuni kitu, simama useme ni chako mbele ya watu, tena mapema, kabla hujampa mtu nywila. Mimi nilisemea ofisini, mlango umefungwa, na aliyenisikia akaniwekea akiba kwa siku ya lawama.

Jana nilikuwa naandika ubaoni kwa chaki. Yule binti mpole wa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, leo hatuchemki?"

"Fungua kitabu, mwanangu."

Akafungua. Nilipogeuka tena, alikuwa amelala.