Buibui na Kitonge cha Pamba

Mjomba wangu alirudi kutoka vita vya Burma na sanduku la bati. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yametoka na mengine hayajaota. Sisi watoto tulidhani mna bunduki ndani. Siku alipolifungua tulikuta blanketi moja na kijiko. Kijiko hicho nilikililia mpaka nikachapwa. Basi. Mjomba alipofariki sanduku likaja kwetu Karungu, mama akatia chumvi, kutu ikala kitako, mwishowe likawa la mbegu za pamba. Nimelikumbuka kwa sababu ya hiyo pamba.

Kwetu kijana hujenga simba, kibanda chake karibu na lango la baba. Akioa na kuzaa, huhama akaweka boma lake. Lakini hamruki kaka yake. Kaka asipohama, mdogo hukaa palepale azeeke. Mimi nilikuwa na mke, watoto wawili na wa tatu tumboni, wote ndani ya simba moja. Nikinyoosha mguu nagusa sufuria. Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru, ziwa limepanda, sakafu inatoa maji. Na kaka yangu hangeweza kuhama. Mke wake alifariki akijifungua, mtoto akamfuata, na mtu asiye na mke haweki boma.

"Baba, niruhusu tu," nilisema.

"Umruke kaka yako? Kwani yeye ni mtaro?" Baba alicheka peke yake. "Hata akihamia Tanganyika, maadamu yuko hai harukwi."

Mke wangu akasema, "Basi mwambie mzee, huyu wa tatu nitamzalia juu ya paa."

Siku moja tulikuwa tunachuma pamba, mimi na kaka. Akapita buibui, yule wa kahawia wa majanini, asiyefuma utando, anayewinda kwa miguu. Alikuwa amebeba kifuko chake cha mayai nyuma, cheupe, kama punje ya mtama. Nikamwonyesha kaka mchezo tuliojifunza tukichunga mbuzi. Nilikitoa kifuko kwa kijiti. Buibui akazunguka, akazunguka, anapapasa udongo. Nikafinyanga pamba kidogo, nikamwekea. Akaishika, akaifunga nyuma, akaenda zake.

Nilicheka. Kaka hakucheka.

"Omera, ndugu yangu, mrudishie yake," alisema.

"Si ameridhika?"

"Mrudishie."

Nikatafuta kile kifuko. Nilikuwa nimekikanyaga. Sikumwambia, nilisema kimepotea kwenye majani. Akaendelea kuchuma, mkono mmoja tu, sijui kwa nini mmoja.

Sasa niseme ukweli, maana wote wamekwisha kufa wa kunikasirikia. Mke wa pili wa kaka nilimtafuta mimi. Nilitembea mpaka upande wa Migori, nikampata mwanamke aliyeachika, mpole, anajua kulima. Watu walinisifu, wakasema huyu anampenda kaka yake. Mimi nilikuwa nahesabu nguzo za boma langu. Nilimwambia kaka, "Nimekuletea mtu." Akamtazama yule mwanamke, akasema, "Karibu," kama anavyomkaribisha mgeni wa baba. Miezi mitatu walikaa vizuri. Kaka alimchotea maji, akamrekebishia jembe. Sikuwahi kusikia wakizungumza.

Baba akachagua siku. Alfajiri tukapanda kilimani: baba mbele, kaka na shoka, mwanamke amebeba moto kwenye kigae, na mimi nimeshika jogoo, ingawa jogoo hushikwa na mwana wa kwanza. Mwana hakuwepo. Baba akasema sisi ndugu tutajua namna, nami nikampokea jogoo upesi mno. Nilikuwa nimeshaona kwa macho mahali nitakapojenga mimi mwezi ujao, mteremko wa pili.

"Kata nguzo ya kwanza," baba akasema.

Kaka akamtazama jogoo mkononi mwangu. Muda mrefu. Mwanamke alikuwa anapuliza moto usizimike. Kaka akalaza shoka chini, taratibu, makali yakitazama majani.

"Kamba tumesahau," akasema. "Naenda kuleta."

Kamba ilikuwa begani kwangu. Aliiona, na mimi niliona ameiona.

Akashuka kwenye nyasi, hakukimbia, akapita njia ya nyumbani bila kuishika, akaelekea mpaka wa Tanganyika. Hakurudi.